Rangi Ibaki

Pikipiki ya baba ilijulikana kwa sauti kabla ya kuonekana. Kutoka Roret mpaka mtoni, mtu akisikia ule mlio wake wa kukohoa alisema, "Dume limefika," na watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Baba hakuwa dume. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe: alizunguka boma hadi boma na mtungi wa mbegu umefungwa nyuma ya kiti, ule unaotoa moshi wa baridi ukifunguliwa. Ng'ombe wengi wa maziwa wa upande wetu walizaliwa kwa sababu ya safari za pikipiki hiyo. Shuleni nilitaniwa kwamba nina ndugu wengi wenye pembe. Sikuupenda utani huo, na mpaka leo sijajua kuucheka vizuri.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya zile za zamani ambazo petroli yake huchanganywa na oili. Ilitoka dukani ikiwa nyekundu, lakini mvua ya kwetu haina likizo. Ilikula rangi ile mwaka baada ya mwaka mpaka tangi likashika kutu. Ndipo Jumamosi moja, baba akiwa kwenye mkutano wa kanisa, mama akachukua rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mlango wa jikoni, na brashi ile ile, akapaka tangi, madigadi zote mbili, na kifuniko cha betri. Hakupiga msasa kwanza. Alipaka juu ya kutu na juu ya vumbi. Rangi ikatiririka, ikaganda matone manne upande wa kushoto wa tangi, na nywele mbili za brashi zikanasa humo. Baba aliporudi alikasirika, halafu akacheka, na Jumatatu akaenda nayo kazini. Watu wakasema dume limevaa yunifomu.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, umri wa kuona aibu kwa kila kitu. Shule zilipofunguliwa nilimwambia baba anishushe kabla ya kona, nikabeba sanduku langu begani hadi getini ili wenzangu wasiione ile kijani. Hakuniuliza kwa nini. Aligeuza pikipiki akarudi zake. Nilipanda kijani hiyo miaka mingi baadaye, nikienda kibaruani, na kila mara nilijiambia kwamba siku nikiwa na pesa nitairudishia rangi yake ya dukani. Huenda nilidhani kumpenda mtu ni kumrekebisha. Mama alikuwa ananiambia, "Wewe hata mbinguni utafika uanze kunyoosha mapazia."

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, msimu ambao majani ya chai yalikuwa mengi shambani na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kuchuma. Aliugua muda mfupi. Miezi michache baadaye injini ya pikipiki nayo ikakamata, ikakataa kuzunguka, kwenye mlima, baba akitoka kupeleka maziwa. Aliisukuma hadi nyumbani, akaiegemeza nyuma ya jikoni, akaifunika kwa gunia. Tangu siku hiyo alibeba mtungi wa maziwa kwa mkono, akiubadilisha kushoto na kulia, mtu wa miaka sabini. Nikimwambia atume mtu wa boda alisema atafanya hivyo kesho.

Mimi nilikuwa kiwandani, upande wa feni za kunyausha majani ya chai. Kazi zilipoanza kupunguzwa nilituma maombi kila mahali, na mwishowe nikapata mkataba wa miaka miwili huko Ghuba, kutengeneza mashine za kupoza hewa. Dada zangu wameolewa mbali. Baba angebaki peke yake na ng'ombe wawili na chai yake. Nikaamua kwamba kabla sijaondoka, pikipiki itafunguliwa yote, ifanywe upya, ili asibebe maziwa kwa mkono tena. Wiki zilizobaki zilikuwa sita.

Nilimwambia baba tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi. Nyumbani tunaongea Kipsigis, na kwa Kipsigis yeye ni mtu wa maneno machache. Aliuliza, "Itapona?" Nikasema itapona. Akasema, "Ara," yaani haya basi, akamalizia kikombe. Nilifurahi sana. Sikumwuliza anataka itengenezwe vipi, kwa sababu nilidhani naelewa kuliko yeye.

Fundi niliyempata alikuwa na banda la mabati Litein, mkabala na posho meli, kinu cha kusaga unga. Ni mtu wa kutoka upande wa ziwa. Alikuja huku akiwa kijana kufanya kazi kwenye gereji ya shamba kubwa la chai, na alipoondoka huko akafungua yake. Nilimchagua kwa sababu ndiye peke yake aliyeitazama picha ya ile pikipiki kwenye simu yangu bila kucheka. "Hii ni chuma," alisema. "Siku hizi wanatuuzia karatasi iko na magurudumu. Hakuna sida, ndugu. Nitaiamsa."

Hapo lazima nieleze jambo moja la kwetu. Sisi Wakipsigis, B na P kwetu ni mtu na ndugu yake. Akikosekana mmoja, mwingine anashika kazi. Ndivyo ilivyo kwa D na T, na G na K, na irabu ya mwisho tunaimeza. Mwalimu alituchapa sana kwa ajili hiyo, tukiandika "parapara" badala ya barabara, lakini fimbo haikufika kwenye ulimi. Fundi naye alikuwa na yake, maana "sh" ilimshinda. Basi yeye na wateja wake walikuwa wanaelewana kwa kusameheana. Baada ya miaka ishirini Litein alijivunia kwamba hahitaji tena kuuliza. "Mtu wa hapa akiniambia leta banga, nampatia panga," alisema. "Nawasahihisa ndani ya kichwa, hata hamjui."

Siku aliyokuja nyumbani na pikapu kuichukua, mimi sikuwepo. Nilikuwa Kericho mjini nikihangaikia karatasi za safari. Baba ndiye aliyemtolea gunia. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja akitumia kile alichonacho.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za kukimbia. Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya vipimo vya hospitali, mchana kwenye foleni ya alama za vidole, jioni Litein kwa fundi. Nikiri kwamba jioni hizo zilikuwa nzuri. Injini ilikuwa imelala juu ya meza vipande vipande, imeoshwa kwa dizeli, na fundi ananionyesha jinsi pistoni ilivyokwaruza silinda. Silinda ilipelekwa kupanuliwa. Pistoni ya saizi yake haikupatikana katika duka hata moja. Nikasikia kuna mzee Ndanai ana pikipiki kama hiyo imekufa chini ya ghala lake la mahindi. Nilikwenda huko nikakuta amewaachia kuku. Walikuwa wanataga kwenye kiti. Alinipa pistoni mpya iliyokuwa bado kwenye pakiti yake, aliyokuwa ameinunua zamani akakosa moyo wa kuifunga. Nilirudi Litein nikiwa nimeishika mapajani njia nzima.

Halafu ikaja simu ile. Nilikuwa Kericho, nimebakiza watu wanne nifike dirishani.

"Ndugu," fundi akasema, "injini iko tayari kufungwa. Sasa kuna hii mambo ya rangi. Mzee siku ile alisema rangi ipake, lakini hakusema rangi gani. Niweke gani?"

Niliihamishia simu kwenye sikio la pili. Akadhani sijasikia.

"Yeye alisema 'rangi ibaki'," akaendelea, akicheka. "Lakini nyinyi nimewazoea, yawa. Najua ni 'ipake'. Sasa ni gani?"

Nataka kuliandika hili bila kulivisha nguo. Nilijua. Nilijua palepale, nikiwa nimeshika karatasi zangu kwenye bahasha ya kaki, kwamba baba hakusema ipake. Baba hajawahi kupaka kitu rangi kwa hiari yake. Hata nyumba aliipaka kwa kusukumwa na mama. Alisema ibaki. Ikae ilivyo. Kwa mara moja maishani mwake ulimi wake uliiweka B mahali pake, sawasawa kama mwalimu alivyotaka, na fundi akamsahihisha ndani ya kichwa.

Ningesema, "Hapana, alimaanisha ibaki." Maneno matatu au manne. Fundi angecheka, nami ningecheka, na hadithi ingeishia hapo. Badala yake niliiona ile kijani, matone yake na nywele zake za brashi, imewekwa juu ya injini mpya inayong'aa. Nikaona jinsi itakavyoharibu kazi yangu. Nikajiambia kwamba baba ataizoea, kwamba ni mzee tu hapendi mabadiliko, na kwamba lawama yoyote itakuwa ya sikio la fundi.

"Nyekundu," nikasema. "Kama ilivyotoka dukani."

Watu wanne mbele yangu wakaisha, nikaweka vidole kwenye wino.

Fundi aliileta nyumbani siku mbili kabla ya safari yangu. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua. Ilikuwa nyekundu hasa, tangi limenyooka bila doa, unaweza kujiona meno. Fundi akaikanyaga mara moja, ikakohoa, mara ya pili ikawaka, na mwenzetu mmoja akapaza sauti, "Dume limefufuka!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Baba alitoka kwenye zizi akiwa na mikono iliyolowa maziwa. Alijifuta kwenye koti. Alizunguka pikipiki polepole, akaja upande wa kushoto, akaweka kiganja juu ya tangi pale yalipokuwa yale matone. Akapapasa kwenda mbele, akapapasa kurudi nyuma. Alikuwa anatafuta.

"Fundi," akasema, "nilisema ibaki."

"Ndiyo, mzee," fundi akajibu kwa furaha. "Nimeipaka."

"Hapana. Ibaki. Ikae. Ikae vile iko." Akatafuta neno lingine, maana Kiswahili chake si kirefu. "Hiyo ilikuwa ya mama ya watoto. Yeye ndio aliweka hiyo rangi na mkono yake."

Niliona fundi akielewa. Mdomo ulibaki wazi, na mikono yake, ambayo ilikuwa inasubiri kusalimiwa, ikashuka. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amsaidie kubeba mzigo mzito, ashike upande ule mwingine.

Nami nikasema, kwa sauti ya juu, mbele ya watu wote, "Fundi, si uliambiwa? Si uliambiwa na mzee mwenyewe?"

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sivyo, najua. Yalitoka mahali pale pale ilipotoka "nyekundu". Fundi angeweza kunivua nguo hapo hapo kwa sentensi moja, kwamba nilikupigia, ukanichagulia. Hakuisema. Labda aliona si vizuri kumwaibisha kijana mbele ya baba yake na safari iko mlangoni. Labda aliamini kweli kosa lilianzia kwake. Aliinamisha kichwa akasema, "Ni kosa yangu, mzee. Ni masikio yangu. Nisamehe."

"Ni sawa," baba akasema. "Ni rangi tu. Injini iko mzuri. Kongoi, fundi." Alimshukuru kwa mikono miwili, akarudi kwa ng'ombe.

Usiku ule na mchana uliofuata sikumwambia. Asubuhi ya safari baba alisema atanipeleka mwenyewe Litein. Tukalifunga begi langu nyuma, pale palipokuwa pa mtungi, na mimi nikakaa katikati, goti langu likigusa nguo zake. Nilipanga kumwambia tukifika darajani. Darajani nikasema basi tukifika kwenye njia panda ya kiwanda, ambapo yeye hupunguza mwendo. Alipunguza. Nilifungua mdomo, upepo ukauingia, nikaufunga. Injini ilikuwa inaimba vizuri, hakuna hata kikohozi, na mgongo wa baba ulikuwa umekonda kuliko nilivyoukumbuka.

Tulipofika Litein alizima injini, akavua kofia, akaniombea maombi mafupi pale kando ya barabara, boda wakipita na abiria wao. Akasema nisisahau kula. Nikapanda gari la Nairobi.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja niko huku. Natengeneza mashine za kupoza hewa juu ya mapaa ambako ukiacha spana juani huwezi kuishika. Watu wangu wa chumbani ni wazuri. Jumapili baba anapiga simu, au mimi, na tunaongea habari za ng'ombe na mvua. Anaipanda pikipiki. Anapeleka maziwa nayo kila asubuhi na habebi tena kwa mkono, kwa hiyo nilichokitaka nilikipata. Ukiulizwa kama ni kazi njema, utasema ni kazi njema. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba hakuna mtu wa kunilaumu.

Fundi alinipigia mara tatu wiki za kwanza. Sikupokea. Akanitumia ujumbe wa kunitakia heri kazini, nikauacha bila jibu. Nilikuwa naogopa ataniuliza swali moja tu, kwamba kwani siku ile hukuelewa? Baada ya hapo akaacha kupiga.

Jumapili iliyopita baba aliniambia kwamba fundi huja nyumbani. Mshtuko hunijia nikikumbuka alivyolitaja kama jambo la kawaida. Huja baada ya kanisa, hukaza cheni, huangalia plagi, hataki kulipwa, hata chai anakunywa kwa kubembelezwa. Safari moja alikuja na mkebe wa rangi ya kijani. Alikuwa amekwangua kipande kidogo kwenye mlango wa jikoni, akazunguka nacho madukani mpaka akapata inayofanana kabisa. Akamwomba baba ruhusa airudishe.

"Ilikuwa ndiyo yenyewe?" nikauliza.

"Ndiyo yenyewe," baba akasema. "Nikamwambia aache. Rangi ni ile, lakini mkono si ule."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anapita barabarani akimsalimu. Akamjibu, akarudi kwenye simu. Nikajua kuna kitu amekuwa akikizunguka, maana alikohoa mara mbili.

"Huyu fundi ana uzito," akasema. "Anasema amekupigia na hukushika. Anadhani bado umekasirika kwa ajili ya lile kosa lake. Amelibeba sana. Mimi nilimsamehe siku ile ile, ni mtu wa ziwa, hakuuelewa ulimi wetu. Lakini anasema ni wewe ndiye unayemwogopesha. Hasira yako ni ndefu kama ya mama yako. Usikae nayo huko mbali. Msamehe."

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na nilikuwa chumbani, mashine ya kupoza hewa inafanya kazi. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga, darajani na kwenye njia panda ya kiwanda, yalikuwa hapo mdomoni kwa mpangilio wake.

"Nimemsamehe, baba," nikasema.

Baba akanishukuru, akasema atamwambia fundi Jumapili ijayo.